Upepo Wetu na Popo Wetu
(Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu, iliyosomwa katika Mkutano wa Maadhimisho ya Miaka Kumi)



Leo Chama Kikuu chetu kinatimiza miaka kumi. Wasemaji waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za alizeti, mizani, maghala na hesabu, nasi hatuna la kuongeza. Sisi wa ofisi tumeagizwa tulijibu swali moja lililoulizwa tena na tena mwaka huu katika mikutano ya vyama vya msingi. Swali lenyewe ni hili: ikiwa mashamba yetu yatatakiwa kwa ajili ya mitambo ya umeme wa upepo, yatupasa kudai nini kabla ya kutia sahihi zetu?

Katika majibu yetu limo neno moja ambalo wengi walilicheka lilipotajwa mara ya kwanza. Neno hilo ni popo.

Hatuwalaumu waliocheka, maana sisi wenyewe tulicheka mbele yao. Tulipoandika rasimu ya kwanza ya masharti tuliweka kodi ya ardhi, fidia ya miti, njia za magari na kazi kwa vijana. Popo hatukumtaja. Tulipoisoma rasimu ile mbele ya wanachama, mzee mmoja alisimama polepole akatuuliza, "Katibu, na wale watokao mbuyuni saa ya magharibi, nao mmewahesabu?" Watu wakaangua kicheko, nasi pia. Lakini swali lile halikutuacha. Tukaenda kusoma yaliyoandikwa juu ya nchi zilizotutangulia katika kazi hii, na tuliyoyasoma ndiyo tunayowaletea leo.

Kwanza twataka ieleweke kwamba sisi si maadui wa umeme wa upepo. Mkoa wetu wa Singida na nchi ya Makambako zimetajwa kwa miaka mingi kuwa mahali penye upepo wa kufaa. Huko Mufindi mitambo 3, yenye nguvu ya megawati 2.4, ilianza kazi mwaka 2020. Jirani zetu wa Kenya walisimamisha mitambo yao ya kwanza katika vilima vya Ngong mwaka 1993, na mwaka 2019 walizindua mradi mkubwa wa Ziwa Turkana wenye mitambo 365. Upepo hauchimbwi, haununuliwi, wala hautoi moshi. Mkulima mwenye kinu cha kukamulia alizeti ajua vema thamani ya umeme usiokatika. Neema hii tukijaliwa, tuipokee kwa mikono miwili. Lakini mwenye busara hupokea huku akitazama.

Sasa popo ana faida gani kwa mkulima? Wazee wetu husimulia jinsi popo alivyokwenda kwa ndege wakamwambia yeye ni mnyama, akaenda kwa wanyama wakamwambia yeye ni ndege, basi akabaki hana kwao. Wengine humwogopa kuwa ni kiumbe cha uchawi. Lakini tukiziweka hofu hizo kando na kutazama kazi yake, twaona kwamba popo ni kibarua wa zamu ya usiku asiyedai ujira. Wale wadogo hula wadudu, na kwa usiku mmoja popo aweza kula wadudu wenye uzito unaokaribia nusu ya mwili wake. Anyonyeshaye hula zaidi. Miongoni mwa wadudu hao wamo nondo ambao viwavi wao ndio wanaotumaliza mashambani. Wale wakubwa wala matunda huchukua mbegu za miti na kuzitawanya mbali, na maua ya mbuyu, yafumbukayo usiku, huchavushwa nao. Wataalamu wa Marekani walipiga hesabu mwaka 2011 wakaona kwamba kazi ya popo katika mashamba ya nchi ile haipungui dola bilioni 3.7 kwa mwaka. Hesabu ya mashamba yetu haijapigwa, lakini viwavi wetu twawajua.

Tena popo ana tabia moja inayomtofautisha na panya, ingawa watu wengi huwafananisha. Panya huzaa wengi na mara nyingi. Popo wa aina nyingi huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Kwa hiyo wakiuawa wengi kwa muda mfupi, pengo lao huchukua miaka mingi kuzibika, na pengine halizibiki kabisa.

Hebu sasa tutazame yaliyotokea Marekani. Katika jimbo la West Virginia, juu ya mgongo wa milima, ilijengwa mitambo 44 ya upepo. Mwaka 2003 watafiti walipokwenda kutafuta chini yake waliokota mizoga ya popo kwa mamia, na wakakadiria kwamba waliokufa mwaka ule walizidi 1,000. Hapo ndipo watu walipostuka. Hadi wakati ule mazungumzo mengi yalikuwa juu ya ndege. Popo hakuwa na msemaji.

Sababu yake ni hii. Ukiutazama mtambo wa upepo kwa mbali, mapanga yake yaonekana yakizunguka kwa uvivu. Lakini ncha ya panga refu hupita hewani kwa mwendo upitao kilomita 200 kwa saa, na popo aliyezoea kukwepa tawi la mti hawezi kukwepa kitu kama hicho. Tena wataalamu waligundua kwamba vifo vingi hutokea katika usiku wa upepo mdogo, hasa majira ya popo kuhama, kwa kuwa popo hupenda kuruka upepo ukiwa umetulia. Tulikumbuke jambo hili, maana ndani yake mna dawa.

Miongoni mwa popo wa Marekani yuko mmoja aitwaye popo wa Indiana. Uzito wake haufiki gramu 10, na wakati wa baridi hulala mapangoni kwa makundi makubwa. Tangu mwaka 1967 yumo katika orodha ya serikali ya wanyama walio katika hatari ya kutoweka. Tena mwaka 2006 uligunduliwa huko ugonjwa wa ukungu mweupe wa puani, ambao umewaua popo wa Amerika Kaskazini kwa mamilioni wakiwa usingizini mapangoni. Basi kiumbe aliyekwisha kupunguzwa na maradhi hana nguvu ya kustahimili panga. Mwezi wa Septemba 2009 mzoga wa popo wa Indiana uliokotwa katika mradi wa Fowler Ridge, katika jimbo la Indiana. Huo ulikuwa wa kwanza wa aina yake kujulikana katika mradi wa upepo, na mwaka uliofuata ukaonekana mwingine pale pale.

Katika mwaka huo huo wa 2009 kulikuwa na shauri katika mahakama moja ya Maryland. Mradi uitwao Beech Ridge, huko West Virginia, ulikusudia kusimamisha mitambo 124 karibu na mapango ya popo. Watetezi wa wanyama wakaushitaki. Mwezi wa Desemba jaji aliamua kwamba mradi ule ungewadhuru popo wa Indiana, na kwamba wenye mradi walikuwa hawana kibali kitakiwacho na sheria. Akakataza mitambo mingine isijengwe, na ile ambayo ujenzi wake ulikuwa umekwisha kuanza akaamuru isizunguke ila katika miezi ya baridi, popo walalapo, mpaka kibali kipatikane. Mwezi uliofuata pande mbili zilipatana, na idadi ya mitambo ikashushwa hadi 100. Kibali chenyewe kilipatikana mwaka 2013.

Wanachama wenzetu, yapimeni mambo hayo kama wapimavyo wenye mali. Fedha zimekwisha kutumika, vyuma vimekwisha kuletwa mlimani, ndipo swali la popo linaulizwa mahakamani. Lingaliulizwa mapema, huenda mitambo ingaliwekwa pengine, na gharama za shauri zisingalikuwako. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Na kuuziba ufa huu si kazi kubwa. Baada ya vifo vile vya 2003, watetezi wa popo, wenye mitambo, na idara za serikali ya Marekani walikutana wakaunda chombo kimoja cha kutafuta dawa. Jina lake kwa lugha yetu ni Ushirika wa Popo na Nishati ya Upepo. Tulifurahi sana kuliona jina hilo, maana latukumbusha kwamba waliokuwa wakibishana walipoketi meza moja walipata njia.

Njia waliyoipata ni nyepesi hata yastaajabisha. Katika mradi wa Casselman, jimbo la Pennsylvania, mitambo ilikuwa ikianza kutoa umeme upepo ufikapo mita 3.5 kwa sekunde. Katika miaka ya 2008 na 2009 watafiti waliomba baadhi ya mitambo isizungushwe usiku, wakati wa popo kuhama, mpaka upepo ufike mita 5, au mita 6.5, kwa sekunde. Upepo ukiwa chini ya hapo, mapanga yaligeuzwa ubavu yasiushike. Vifo vya popo vilipungua kwa kiasi cha kati ya sehemu 44 na sehemu 93 katika kila 100. Umeme uliopotea haukuzidi sehemu 1 katika 100 ya umeme wa mwaka mzima. Sababu yake ni ile tuliyowaambia tuikumbuke: popo huruka upepo ukiwa mdogo, na upepo mdogo hautoi umeme mwingi. Wakati popo amhitaji mwenye mtambo asubiri, mwenye mtambo naye hana faida kubwa ya kukimbilia.

Msidhani kwamba mambo haya ni ya nchi za mbali tu. Katika mradi wa Kipeto, huko Kajiado nchini Kenya, wenye mitambo 60 wana watu wa kuwaangalia tai, na tai akikaribia, mtambo husimamishwa. Nako Pemba, ambako popo mkubwa wa kisiwa kile, asiyepatikana mahali pengine popote duniani, alikaribia kumalizwa kwa kuwindwa na kwa kukatwa misitu, wanavijiji wenyewe waliunda vikundi vya kulinda miti wanamolala, na idadi yao ikaongezeka mara kadhaa. Kama wakulima wa Kidike waliweza, sisi tutashindwa na nini?

Kwa hiyo Bodi imekubali masharti manne yaingizwe katika mapatano yoyote ya ardhi yatakayopita katika Chama Kikuu hiki.

La kwanza, kabla mtambo haujasimamishwa, popo wahesabiwe kwa majira yote ya mwaka, na mibuyu, mapango na majabali wanamolala yaandikwe katika ramani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari zake kwa mazingira. Tathmini hiyo ndiyo nafasi yetu ya kusema, tusiiache ikapita.

La pili, mitambo isiwekwe karibu na mahali hapo.

La tatu, usiku wa upepo mdogo, katika majira watakayoonyesha wataalamu, mapanga yasizungushwe. Sharti hili liandikwe kwa tarakimu za mita na sekunde, wala si kwa maneno ya "ikiwezekana".

La nne, mizoga itafutwe chini ya mitambo kwa utaratibu, vijana wa vijiji vyetu wafundishwe kazi hiyo na walipwe, na hesabu yake isomwe katika mkutano mkuu wa kila mwaka, kama isomwavyo hesabu ya fedha.

Twajua wako watakaosema, "Masharti mengi yatawafukuza wenye mitaji." Jambo hili si dogo, na Bodi imelipima. Jibu letu ni kwamba anayekuja kukaa na mitambo yake miaka 20 katika nchi yetu hawezi kufukuzwa na sehemu 1 katika 100. Akikataa hiyo, basi yatupasa kujiuliza atakataa nini kingine tutakapokuwa tumekwisha kumkabidhi shamba.

Bwana Mwenyekiti, Chama hiki kilianzishwa kwa sababu mkulima mmoja peke yake mbele ya mizani ya mnunuzi hakuwa na sauti. Tulijiunga ili asiye na sauti asipunjwe. Popo naye hana mizani wala mkutano wala katibu. Ndege walimkataa, na wanyama wakamkataa. Sisi tunaovuna faida ya kazi yake, tusimkatae.

Na yule mzee aliyetuuliza swali lake siku ile ameketi hapa mbele yetu. Mzee wetu, twakushukuru, na twakuomba radhi kwa kicheko kile. Watokao mbuyuni wataandikwa katika hesabu.