Usiuze Ng'ombe Kununua Ndoto: Somo Kutoka kwa Beki Lilian Thuram

(Hii ni hotuba tuliyoitoa kwenye mkutano wa vikundi vya kujisaidia uliofanyika uwanjani mwa kanisa. Tumeifupisha kidogo ili itoshe kurasa hizi. Tafadhali isomeni pamoja katika kikundi chenu, halafu mjadiliane maswali yaliyo mwishoni.)



Tunajua wengine wenu mmeshangaa kusikia kwamba leo tutazungumza habari za mpira. Mmezoea kutuona tukija na habari za mbuzi wa maziwa, matangi ya maji na vitabu vya hesabu. Mama mmoja ametuuliza pale langoni, "Sasa huo mpira utatuletea unga?" Mama, ngoja kidogo. Habari yenyewe ni ya unga.

Mwezi uliopita kikundi kimoja kilituita. Mwanachama wao alikuwa ameomba mkopo mkubwa kuliko wote ambao kikundi kimewahi kutoa. Kijana wake ana miaka 16 na anacheza beki. Ni mchezaji mzuri kweli, tumemwona kwa macho yetu. Basi mtu fulani alikuja kutoka mjini, akasema anaweza kumpeleka Ulaya akajaribiwe na klabu kubwa, mradi alipwe kwanza. Pesa ya viza, pesa ya tiketi, na pesa nyingine aliyoiita ya kufungua mlango. Baba alikuwa tayari kuuza ng'ombe wawili, na kiasi kilichobaki kitoke kwa kikundi.

Kikundi kikagawanyika. Wengine walisema, kijana huyu akifaulu atatuinua sote. Wengine hawakutaka, lakini waliogopa kusema wasije wakaitwa wenye wivu. Mweka hazina alituambia hajalala vizuri wiki mbili, maana ufunguo mmoja wa kisanduku uko kwake.

Hatukutaka kuwajibu kwa haraka. Tukasema, hebu kwanza tufuate njia aliyopita beki mmoja aliyefika juu kabisa Ulaya, hatua kwa hatua, halafu tuone alianzia wapi na nani alimlipia. Tulimchagua Lilian Thuram wa Ufaransa.

MAMA MWENYE WATOTO WATANO

Thuram alizaliwa tarehe 1 Januari 1972 katika kisiwa cha Guadeloupe. Kisiwa hicho kiko mbali sana, katika bahari ya Karibi, lakini kinatawaliwa na Ufaransa, na watu wake wengi ni wajukuu wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani kulima miwa. Mama yake, Mariana, alilea watoto watano peke yake.

Mwaka 1980 mama huyo alisafiri kwenda Ufaransa kutafuta kazi, akawaacha watoto nyumbani. Kina mama, nyinyi mnajua uchungu wa jambo hilo kutushinda sisi. Alipata kazi ya kusafisha nyumba za watu. Mwaka uliofuata akawaita watoto wote, wakakaa katika mji wa Avon, karibu na Fontainebleau, si mbali sana na Paris. Thuram alikuwa na miaka tisa. Huko shuleni ndiko alikochekwa na watoto wenzake kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba alipokuwa mdogo alitaka kuwa padre. Mpira aliucheza kama watoto wote wanavyoucheza.

Klabu yake ya kwanza huko ilikuwa ndogo tu, ya mtaani, iliyoundwa na wahamiaji kutoka Ureno. Hao nao walikuwa watu wa kazi za mikono, waliounda timu ili watoto wao wawe na mahali pa kukutana. Ukiangalia sana, utaona hicho nacho kilikuwa kama kikundi cha kujisaidia!

HATUA KWA HATUA

Kutoka hapo aliingia klabu ya mji wa Fontainebleau, kisha Melun, mji wa jirani. Mwaka 1990, akiwa na miaka 18, ndipo Monaco ilipomchukua. Monaco ni nchi ndogo sana, lakini timu yake hucheza katika ligi ya Ufaransa. Kocha wakati huo alikuwa Arsène Wenger, yule yule ambaye baadaye wengi wenu mlimjua akiwa na Arsenal. Msimu wa kwanza Thuram hakuwa nyota. Alikaa, akafundishwa, akangoja. Hata kazi ya ubeki hakuanza nayo, maana mwanzoni alikuwa akicheza mbele zaidi. Timu ya taifa ya Ufaransa ilimwita mara ya kwanza mwezi Agosti 1994.

Mwaka 1996 alihamia Italia, klabu ya Parma. Italia wakati huo ndiyo ilikuwa shule kuu ya mabeki. Alicheza pamoja na beki Fabio Cannavaro na kipa Gianluigi Buffon, na mwaka 1999 walichukua Kombe la UEFA kwa kuifunga Marseille mabao 3-0. Mwaka 2001 akaenda Juventus, akawa bingwa wa Italia 2002 na 2003. Mwaka 2006, Juventus iliposhushwa daraja kwa kashfa ya viongozi na marefa, alihamia Barcelona ya Uhispania, akacheza huko hadi 2008.

Hesabuni wenyewe. Klabu nne kubwa, ligi tatu, karibu miaka 18. Kila mlango uliofunguka ulifunguliwa na klabu iliyomwona akicheza. Mama alikuwa anasafisha nyumba za watu. Hakuwa na ng'ombe wa kuuza.

USIKU WA TAREHE 8 JULAI

Sasa vijana wasije wakasema tumewanyima mpira wenyewe. Twende kwenye Kombe la Dunia la 1998, nusu fainali, Ufaransa na Kroatia.

Kipindi cha pili kimeanza tu. Mpira unapigwa mbele kwa Davor Šuker wa Kroatia. Mabeki wa Ufaransa wamesogea juu ili Šuker awe ameotea, lakini mmoja amebaki nyuma. Huyo mmoja ni Thuram. Kwa sababu yake Šuker hajaotea. Goli! Nchi nzima ya Ufaransa ikanyamaza.

Jameni, wewe ungefanya nini? Wengi wetu tungeanza kumnyoshea kidole kipa. Wengine tungejificha nyuma ya wenzetu. Thuram hakufanya hivyo. Mpira ulipoanza tena, haikupita hata dakika mbili, alikwenda mbele, akamnyang'anya mpira nahodha wa Kroatia karibu na goli lao, akapasiana na mwenzake, akafunga. Moja kwa moja. Baadaye, kama dakika ya 70, akapiga tena kwa mguu wa kushoto, mguu ambao si wake wa kawaida, mpira ukaingia pembeni. Ufaransa 2, Kroatia 1. Siku nne baadaye wakaifunga Brazil 3-0 na kuchukua kombe.

Thuram alichezea timu ya taifa mechi 142, idadi ambayo Mfaransa mwingine hakuipita mpaka Hugo Lloris mwaka 2022. Katika mechi zote hizo 142 alifunga mabao mawili tu, na yote ni ya usiku ule mmoja. Mechi 141 nyingine hakufunga kitu. Sasa alikuwa anafanya nini? Alikuwa analinda! Katika kombe zima la 1998, mechi saba, Ufaransa ilifungwa mabao mawili peke yake.

Beki hapigiwi makofi kila siku. Akifanya kazi yake vizuri hakuna kinachotokea, na watu wanadhani hakuna kazi iliyofanywa. Je, katika kikundi chenu nani yuko namna hiyo? Ni mweka hazina. Ni yule mama anayeuliza risiti iko wapi, mpaka wengine wanachoka naye. Mnapomwita mwenye wivu, mnamtoa beki wenu uwanjani wakati adui amekaribia goli.

SIKU YA KUACHA

Mwaka 2008 Thuram alikuwa na miaka 36. Klabu ya Paris Saint-Germain ilitaka kumchukua. Alipopimwa na madaktari, walikuta moyo wake una kasoro. Angeweza kubisha. Angeweza kutafuta klabu nyingine isiyopima sana. Yeye aliacha mpira. Mwaka huo huo akaanzisha shirika la kufundisha watoto ubaya wa ubaguzi wa rangi, akawa anazunguka shuleni na kuandika vitabu. Yule mtoto aliyechekwa darasani amerudi darasani akiwa mwalimu.

Tunasema haya kwa sababu mpira ni kazi fupi, hata kwa aliyebahatika. Goti moja likiharibika, imekwisha. Kijana aliyeacha shule akiwa na miaka 16 atarudi kwenye nini?

SASA TURUDI KWA NG'OMBE

Baba mmoja alitujibu hivi: "Thuram alikuwa Ufaransa tayari. Sisi tuko huku, nani atamwona kijana wangu?" Ni swali la haki, na hatutaki kulipuuza. Lakini mkumbukeni MacDonald Mariga wetu. Alicheza ligi ya hapa Kenya kwanza, akaenda Uswidi, na mwaka 2007 akafika Parma, klabu ile ile ya Thuram. Mlango wake ulianzia ligi ya nyumbani, ambako watu walimwona.

Tena kuna mambo matatu kila kikundi kiyajue.

La kwanza. Sheria za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa katika hali chache maalum, kwa mfano wazazi wake wakiwa wamehamia huko kwa sababu zisizohusu mpira. Kijana wa miaka 16 kutoka kijijini hapa, ambaye wazazi wake wako hapa, anapelekwa kusajiliwa wapi? Muulizeni huyo mtu swali hilo, halafu mtazameni uso.

La pili. Wakala halali ana leseni ya FIFA, na malipo yake hutoka katika mkataba baada ya kusainiwa. Anayetaka ng'ombe kabla ya mkataba ni mfanyabiashara wa ng'ombe. Wapo vijana kutoka nchi nyingi za Afrika walioachwa katika miji ya ugenini bila klabu, bila nauli, wakaona aibu kurudi nyumbani kwa sababu shamba la baba lilikwisha uzwa.

La tatu, na hili wengi hawalijui. Mchezaji wa kulipwa akinunuliwa kutoka klabu ya nchi moja hadi nyingine, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Hata klabu ya kijijini inaweza kupata fungu lake! Lakini ni lazima klabu iwe imeandikishwa kwa shirikisho, na kijana awe amesajiliwa kwayo, na karatasi ziwepo. Klabu isiyo na kumbukumbu haina la kudai. Mnaona? Daftari tunalowasumbua nalo kila mwezi lina kazi hata uwanjani.

Basi ushauri wetu kwa kikundi kile ulikuwa huu. Akiba isiguswe, na ng'ombe wabaki zizini. Lakini msimwache kijana hivi hivi, kwa sababu kipawa chake ni kweli na Mungu ndiye aliyempa. Mnunulieni viatu. Klabu yake iandikishwe, naye asajiliwe kwa jina lake halisi na tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Abaki shule, karo ilipwe na maziwa ya wale ng'ombe. Apelekwe kujaribiwa na timu za kaunti na za ligi, ambako nauli ya kwenda na kurudi ni ya basi. Mnakumbuka habari ya mjenzi wa mnara katika Luka 14. Kuhesabu gharama kwanza si kukosa imani.

Baba hakufurahi siku ile, hatutawaficha. Aliondoka bila kutuaga. Lakini juma lililofuata alikuja ofisini kuuliza fomu za kuandikisha klabu zinapatikana wapi. Kijana alikuwa nyuma yake, amevaa sare ya shule. Tulikaa nao tukaandika barua ya kwanza.

Haba na haba hujaza kibaba. Mungu awabariki, na awape kila kikundi beki mmoja asiyeogopa.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, nani anafanya kazi ya beki? Tumewahi kumshukuru, au tunamlaumu tu?

2. Mwanachama wetu akikosea, kwa mfano akichelewesha mkopo, je, tunampa nafasi ya kurekebisha kosa mapema, au tunamfanya ajifiche?

3. Mtu akija na ahadi ya kumpeleka kijana wetu ng'ambo, ni maswali gani matatu tutamwuliza kabla ya kufungua kisanduku?

4. Vijana wetu wenye vipawa vya mpira, kuimba au ufundi tunaweza kuwasaidia vipi bila kuhatarisha akiba ya wote?