Mchezaji Aliyegeuka Mwalimu: Maisha ya Bwana Jimmy Hogan



Mazungumzo yetu ya leo yahusu mchezo wa mpira wa miguu, na hasa mtu mmoja aliyeucheza kwa mshahara, kisha akaacha kuucheza akaanza kuufundisha. Huenda wengine wenu mtasema, "Mpira wafundishwa nini? Si mtu hupiga tu?" Mtu huyo naye aliambiwa maneno kama hayo muda mrefu wa maisha yake, tena na watu wa kwao. Na tumsikilize jinsi alivyowajibu kwa kazi yake.

Jimmy Hogan alizaliwa mwaka 1882 katika mji wa Nelson, jimbo la Lancashire, kaskazini ya Uingereza, penye viwanda vingi vya pamba. Baba yake alitumai kwamba mwanawe atakuwa padri, lakini moyo wa kijana ulikuwa uwanjani. Aliichezea timu ya Burnley, kisha Fulham ya London, kisha Bolton. Alikuwa mchezaji mzuri, walakini hakuwa miongoni mwa wale wakuu wanaosifiwa nchi nzima, wala hakupata kuichezea timu ya taifa.

Lakini alikuwa na tabia moja iliyomtenga na wenzake: alitaka kujua sababu ya kila jambo. Yasimuliwa kwamba siku moja, alipokuwa Burnley, alipiga mpira ukapita juu ya goli. Alimwendea mkubwa wa timu akamwuliza: Je, mguu wangu ulikaa vibaya? Au mwili wangu haukuwa sawasawa? Akajibiwa kwamba aendelee kujaribu tu. Akipata mara moja katika kumi, yatosha. Jibu hilo halikumridhisha. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Basi tangu siku ile akaanza kuuchungua mchezo kama fundi achunguavyo kazi yake.

Hapana budi tueleze desturi za siku zile. Katika timu nyingi za Uingereza wachezaji walizoezwa kwa kukimbia kuuzunguka uwanja, na mpira wenyewe walipewa kwa nadra. Ilidhaniwa kwamba mtu akinyimwa mpira wiki nzima, Jumamosi atakuwa na njaa nao. Hogan aliona kinyume chake. Mtu asiyeushika mpira wiki nzima, aliona, Jumamosi atakuwa mgeni kwake.

Mwaka 1910, naye ana umri wa miaka 28, alikwenda kufundisha katika mji wa Dordrecht, Uholanzi. Zamani Bolton walikuwa wamewafunga watu wa huko magoli 10 kwa bila, naye akanuia kurudi awafundishe. Mwaka 1912 aliitwa Vienna, mji mkuu wa Austria, na Bwana Hugo Meisl, aliyekuwa kiongozi mkubwa wa mpira wa nchi ile. Huko alifundisha mambo ambayo kwa kuyasikia ni mepesi, lakini kwa kuyatenda ni magumu: mpira utembee chini, kila mchezaji ampe mwenzake kwa pasi fupi, kama walivyocheza Waskoti, apokeaye autulize mara moja, kwa mguu wowote wa miwili, na asiye na mpira asisimame kama mtazamaji, bali ajiweke mahali pa kuupokea.

Vita vya mwaka 1914 vilimkuta Vienna, akakamatwa kwa kuwa raia wa nchi ya adui. Baadaye aliruhusiwa kwenda Budapest, Hungaria, kufundisha timu ya MTK, huku akiangaliwa na polisi. Wachezaji wengi walikuwa vitani, kwa hiyo alitafuta vijana akawalea. Mmoja wao, György Orth, alikuja kuwa mchezaji mashuhuri sana. MTK wakawa mabingwa wa Hungaria mfululizo, tangu mwaka 1917 hata 1925.

Vita vilipokwisha alirudi kwao mikono mitupu. Alisikia kwamba wachezaji walioharibikiwa na vita waweza kupata msaada wa pauni 200, akaenda London kuomba kwa wakubwa wa mpira. Kama alivyosimulia mwenyewe, alipewa jozi tatu za soksi, kwa kuwa alihesabiwa kama mtu aliyewaacha wenziwe wakati wa shida.

Akarudi tena ugenini: Uswisi, Hungaria, na Ujerumani. Mjini Dresden kijana mmoja, Helmut Schön, alijifunza kwake. Mwaka 1931, Hogan akisaidiana na Meisl, Austria waliwafunga Waskoti magoli 5 kwa bila mjini Vienna. Mwaka uliofuata walicheza na Waingereza London, wakashindwa kwa 4 kwa 3 tu, na watazamaji wakastaajabu.

Ndipo Fulham, timu yake ya zamani, ikamwita mwaka 1934. Lakini wachezaji wazima hawakutaka kufundishwa, wakisema wao ni wazoefu. Akaondolewa kabla msimu haujaisha, naye yu mgonjwa hospitali. Mwaka 1936 alikuwa na Austria katika Michezo ya Olimpiki, Berlin, wakapata nafasi ya pili. Mwaka huo huo Aston Villa walimwajiri, na mwaka 1938 wakarudi daraja la kwanza. Hivyo ilionekana kwamba hata kwao mafundisho yake yalizaa, palipokuwa na watu wa kuyapokea.

Tarehe 25 Novemba 1953 Hungaria walikuja Wembley. Waingereza walikuwa hawajapata kushindwa nyumbani na timu yoyote ya bara la Ulaya. Siku hiyo walifungwa 6 kwa 3, na mpira ulitembea chini, mtu kwa mtu, vile vile alivyofundisha Hogan. Baada ya mchezo wakubwa wa mpira wa Hungaria walitangaza waziwazi kwamba waliyoyajua waliyapata kwa Jimmy Hogan. Asiyefunzwa na mamaye, hufunzwa na ulimwengu. Na hapa ulimwengu ulifunza kwa somo la mtoto wa nyumba ile ile.

Hogan alifariki Januari 1974. Miezi michache baadaye Ujerumani ya Magharibi walitwaa Kombe la Dunia, na mwalimu wao alikuwa Helmut Schön, yule kijana wa Dresden.

Mabibi na mabwana, sisi tulio katika kazi ya kuwafunza walimu twaona neno moja katika habari hii. Kujua kutenda jambo ni kitu kimoja. Kujua kumfundisha mwingine ni kitu kingine. Wengi walimpita Hogan kwa kucheza. Lakini yeye alipokosa, aliuliza kwa nini. Na kwa sababu alilitafuta jibu, alikuwa na kitu cha kumpa mwanafunzi. Basi mtoto wa shule akikuulizeni kwa nini mpira wake umepaa, msimwambie ajaribu tena tu. Uangalieni mguu wake, mwonyesheni.

Kwaherini.