Garanti ya gari la zamani: karatasi ya dola 450, tuinunue ao tuiache?

Maneno ambayo komite ilisema mbele ya wanachama hapa Nyunzu. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa ndugu zetu ambao bado wako Kalemie.



Kwa mukutano uliopita muliuliza komite swali moja, na muliuliza kwa nguvu: ile karatasi ya garanti ambayo komisionere anatuletea pamoja na Canter, tuilipe ao hapana? Tuliwaambia tutaisoma kwanza. Tumeisoma. Ni kurasa nne za Kifaransa, maandishi madogo kama chungu. Tumepita mustari kwa mustari pamoja na mwalimu mumoja aliyekubali kutusaidia, na fundi wetu wa hapa muji. Leo tunawaambia yale tuliyoona.

Tuanze na hesabu, juu feza ni yenu. Tuko wanachama 150. Kila mutu anatoa dola 3 kwa mwezi, jumla 450. Kwa miaka miwili tumefikisha 10.800. Humu ndani kuko mama ambaye aliuza karanga kopo kwa kopo ili asikose mwezi hata mumoja. Canter ya mwaka 2000 iliyo Kalemie, iliyovuka ziwa kutoka Kigoma, wanaiomba 9.800. Inabaki 1.000. Garanti ni 450. Ni kusema, jasho la mwezi muzima la watu wote 150 linaingia katika karatasi moja, na inatubakia 550 kwa ajili ya mapine, hati na safari ya kwanza.

Mbele ya kuendelea, tutenganishe mambo matatu, juu siku ile watu walikuwa wanayachanganya.

Asiransi ni kitu kingine. Tangu sheria ya mwaka 1973, kila gari linalotembea katika inchi yetu linapaswa kuwa na asiransi, tuwe na garanti ao tusiwe nayo. Zamani ilikuwa SONAS peke yake; sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mulango, na tangu 2019 kampuni zingine nazo zilipewa ruhusa. Ile asiransi ya lazima inalipa yule uliyemugonga. Motere yako ikikufa kati ya Nyemba na Nyunzu, haina habari.

Garanti ya muuzaji ni ya pili: yule aliyekuuzia anajibu juu ya kitu alichokuuzia. Tutairudilia.

Ya tatu ndiyo hii karatasi yetu. Haitoke kwa muuzaji. Haitoke kwa Mitsubishi pia, juu garanti ya kiwanda kwa gari la mwaka 2000 iliisha zamani, gari likiwa bado kwao Japani. Inatoka kwa mutu wa tatu, ofisi moja ya Lubumbashi, ambayo haijaiona Canter kwa macho. Wao wanachukua feza leo na wanaahidi kulipa kesho, gari likiharibika. Jina lao hatutalitaja hapa, juu hawajatukosea kitu. Tunasoma tu maneno yao wenyewe.

Sasa muangalie yale wanayoahidi. Miezi sita ao kilometa 10.000, ile itakayotangulia. Wanafunika motere, buwati ya vitesi na difransieli. Inasikilika muzuri, eh? Lakini ukurasa wa pili unaanza na neno «isipokuwa», na ni mulefu kuliko ule wa kwanza. Isipokuwa resori. Isipokuwa amortisere. Isipokuwa freni, ambreyaji, batri, mapine, radiatere na mipira yake. Isipokuwa kitu chochote «kilichochakaa kwa matumizi ya kawaida». Isipokuwa motere iliyokufa juu ya kuchemuka.

Fundi wetu alicheka. Alituuliza: ninyi munaijua barabara ya kwenda Kalemie, ni kitu gani kinavunjikaka pale? Ni resori. Ni amortisere. Ni radiatere inayotobolewa na jiwe, maji yanaisha, dereva haone, motere inachemuka, joini ya kilasi inaungua. Kwa hiyo motere wanaifunika, lakini ile njia ambayo kwayo motere zetu zinakufaka, hawaifunike. Na kwa gari lenye miaka zaidi ya 20, ni kitu gani ambacho hakijachakaa? Hilo neno moja la kuchakaa linaweza kubeba karatasi yote.

Tuendelee. Kila kilometa 5.000 mafuta yabadilishwe katika garaji waliyoikubali, na fakture yenye kasheti. Garaji waliyoikubali iliyo karibu na sisi ni Kalemie, na ni moja tu. Fundi wa Nyunzu akifungua motere, hata kwa kuiokoa, garanti imekufa. Gari likikwama, kulivuta mupaka Kalemie ni juu yetu. Wale ambao walishavuta kamio katika matope ya mwezi wa pili wanajua bei yake.

Halafu feza yenyewe. Kwa kila pani, dola 100 za kwanza tunalipa sisi. Na kwa miezi yote sita, hawatapita 600. Muandike hesabu hiyo kwa mukono wenu: tunatoa 450 ili, siku ikiwa mbaya kabisa kabisa, na wao wakikubali bila mabishano, watupatie 600. Faida yote inayowezekana ni 150. Siku ikiwa nzuri, tumepoteza 450. Siku ikiwa katikati, resori imevunjika, tumepoteza 450 na resori tunanunua.

Tusiwasingizie kwamba ni wezi. Kazi ya namna hiyo, hata ikifanywa kwa uaminifu, inapaswa kukusanya feza mingi kuliko ile inayotoa. La sivyo ofisi inafunga. Wanajua kama gari la zamani linaharibika, ndiyo sababu bei iko juu na orodha ya «isipokuwa» ni ndefu. Kama mutu peke yake ana gari moja na hana mutu wa kumusaidia, anaweza kulipa kwa ajili ya usingizi wake. Lakini sisi tuko 150. Sisi wenyewe ni hiyo ofisi.

Wengine walituambia: ndugu zetu waliotoka kambi ya Nyarugusu wakapelekwa Marekani wanasema kule kila mutu ananunua garanti ya namna hiyo. Wengine wananunua, ni kweli. Kule pia kuko mashaka. Gazeti la Consumer Reports, ambalo linapimaka vitu vya wanunuzi, liliuliza watu walionunua garanti za kuongeza, na zaidi ya nusu walisema hawakuitumia hata mara moja. Kampuni US Fidelis iliyouza garanti hizo kwa simu ilianguka na kuomba ulinzi wa tribinali mwaka 2010. Na mwezi wa saba wa 2024, CarShield ilikubali kutoa dola milioni 10, kisha tume ya biashara ya serikali kuishitaki kwamba matangazo yake yaliahidi kufunika matengenezo ambayo karatasi haikufunika. Kule kuko tume yenye nguvu ya kufuata kampuni. Sisi tukibishana na ofisi ya Lubumbashi, nani atapanda ndege kwenda kusimama mbele yao?

Sasa tunafika kwa mustari uliotufanya tusimame. Ni wa mwisho, ukurasa wa nne, juu ya fasi ya kutia sahihi. Unasema kwamba mununuzi, kwa kupokea garanti hii, anaachilia madai yote juu ya muuzaji.

Hapo ndipo tunarudilia garanti ya muuzaji. Katika inchi hii kuko sheria ya mapatano, dekre ya tarehe 30 Julai 1888, ya wakati wa Wazungu, lakini ingali inafanya kazi. Inasema muuzaji anajibu juu ya ubaya uliofichika ndani ya kitu alichouza, ule unaofanya kisifae kwa kazi yake. Ubaya unaoonekana kwa macho, hapana. Hiyo ni kazi yako kuangalia. Kama alijua ubaya na akanyamaza, anarudisha feza na analipa hasara juu yake. Kama hakujua, anarudisha bei na gharama za kununua. Lakini yule ambaye hakujua anaweza kuandika katika mapatano kwamba hatajibu, na wewe ukitia sahihi, imeisha. Tena lazima ulalamike upesi, siyo kisha mavuno mawili.

Mumesikia? Ile haki tuko nayo bure. Karatasi ya dola 450 inatuomba tuiachilie. Tungelipa ili tuondolewe muuzaji aliye Kalemie, ambaye tunajua nyumba yake, na tupewe ofisi ambayo hatujue hata mulango wake. Ndiyo sababu komite yote, bila mutu kupinga, inasema: hapana kwa karatasi hii.

Baba mumoja alituuliza swali la haki: na motere ikikufa mwezi wa kwanza, hizo 450 mukiziweka katika kese zitatosha? Hazitatosha. Motere ya mutumba inapita hapo. Lakini 600 za garanti nazo hazitoshi, na kwa kuzipata lazima kwanza washindwe kusema kwamba ilichakaa ao ilichemuka. Kwa hiyo tumetafuta namna ya kujilinda mbele ya kununua.

Tunapendekeza dola 120 zitoke katika zile 450 ili fundi wetu na wajumbe wawili waende Kalemie. Wafike asubuhi, motere ikiwa baridi, na mutu asiiwashe mbele yao. Wafungue radiatere: kama kuko mafuta juu ya maji, ao kisha kuwasha mapovu yanapanda bila kuisha, warudi nyumbani. Waangalie mafuta ya motere kama yamekuwa meupe kama maziwa. Moshi wa bluu ni mafuta yanaungua. Moshi mweupe usioisha hata motere ikipata moto ni maji. Wapakie magunia kweli kweli na wapande mulima, hapana kuzunguka soko. Walale chini waangalie shasi kama ilichomelewa, na namba yake walinganishe na karti roze na hati za DGDA. Hesabu ya kilometa kwenye tablo wasiihesabie kitu, juu inarudishwa nyuma kwa dakika chache.

Kisha, mapatano yaandikwe na muuzaji mwenyewe, siyo komisionere. Maneno «limeuzwa kama lilivyo» tuyakatae. Na tusilipe yote siku moja: 8.800 mukononi, 1.000 zibaki kwa muzee anayeaminiwa na pande zote mbili, mupaka Canter imalize safari tatu za Kalemie na Nyunzu ikiwa na muzigo. Tumeshaongea na muuzaji kwa simu. Safari tatu alikataa. Alisema siku 15. Tulimuambia kwa mvua hii siku 15 ni safari moja. Tunaendelea kuongea, na bado hajafunga mulango. Kama anakataa kabisa kuacha hata dola moja nyuma, hiyo nayo ni habari juu ya motere yake.

Zile 330 zinazobaki zinaingia katika kese ya matengenezo, na kila safari Canter itaongeza dola 10 mbele ya kugawa kitu chochote. Mwenye kese ni mama muhasibu; funguo la pili liko kwa mujumbe wa vijana.

Hatusemi kwamba garanti zote ni mbaya. Kama kesho mutu analeta karatasi ambayo inafunika radiatere na kuchemuka, ambayo mupaka wake unafikia bei ya motere, garaji yake iko Kalemie, na haituombi kuachilia muuzaji, tutaisoma tena kwa moyo mweupe.

Kura ni siku ya posho, saa tatu asubuhi, fasi ileile. Karatasi yenyewe iko kwa katibu. Mwenye kusoma Kifaransa apite aisome mbele ya siku hiyo.