Patron nimwambie ao ninyamaze?

Maneno ya kamati mbele ya mkutano wa wanachama, Tunda



Leo tunaweka pembeni habari ya mbegu na michango. Tunataka kujibu swali ambalo wanachama wanakuja kutuuliza usiku, mlango umefungwa: "Munganga ameniambia niko na ugonjwa mkubwa. Patron nimwambie ao ninyamaze?"

Tuanze na mwenzetu mmoja. Jina hatulitaji, na familia yake imetukubalia kusimulia. Alipata kazi ya sentinele kwenye depo moja kule Kindu, na watu wanane walikula kwa mshahara ule. Akaanza kukohoa, akapimwa, wakamkuta na kifua kikuu. Dawa yake inatolewa bure, lakini inamezwa miezi 6, na mwanzoni munganga anataka akuone ukiimeza. Kituo kilifungua asubuhi, saa ile ile ya kushika zamu. Alichelewa mara tatu, patron akakasirika. Akaogopa kusema sababu. Mwezi wa pili akajisikia na nguvu, akaacha dawa, akabaki na kazi. Ugonjwa ukarudi kwa ukali. Tulimzika hapa Tunda. Na mwenzake, waliyekuwa wakikaa naye kibanda kimoja, naye alipatikana anao.

Tumejiuliza mara nyingi: angesema nini? Tumeona kwamba hakuhitaji kueleza yote. Alihitaji saa moja ya asubuhi.

Sisi tuliorudi tuko na shida yetu katika jambo hili. Kule kambini Tanzania, ugonjwa uliweza kukufungulia mlango. Mtu akija na daftari, unamweleza mwili wako wote, kwa sababu huwezi kujua orodha ipi italeta chakula cha nyongeza ao safari ya kwenda kuishi Ulaya. Wengine waliona majirani wakinyooshewa kidole kwenye foleni ya dawa, wakajifunza kufunga mdomo kabisa. Tumerudi na desturi zote mbili, na mbele ya patron hakuna hata moja inayotusaidia. Patron hagawi misaada. Lakini kumficha kila kitu mpaka siku unapoanguka, hiyo nayo inakuumiza wewe kwanza.

Patron anahitaji kujua kama utakuja, siku gani hutakuja, na kazi gani huiwezi kwa sasa. Karatasi ya munganga inaweza kusema hayo bila kutaja jina la ugonjwa. Mwombe munganga aiandike hivyo.

Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema ugonjwa unasimamisha kontra, hauivunji. Wakati huo mfanyakazi ana haki ya theluthi mbili za mshahara wake. Patron hawezi kuvunja kontra kwa sababu ya ugonjwa mpaka miezi 6 mfululizo ipite bila kazi, na hata hapo anapaswa kulipa. Kwa upande wa virusi vya SIDA, iko sheria ya tarehe 14 Julai 2008: hali yako si sababu ya kukunyima kazi wala kukufukuza. Jirani zetu wa Kenya wana kesi ya mwaka 2013. Mama mmoja alinyimwa kazi ya kudumu kwenye chuo kikuu kwa sababu ya virusi hivyo. Mahakama ya kazi ikampa haki na fidia ya zaidi ya shilingi milioni 6 za kwao. Hukumu ilimtaja kwa herufi tatu tu, V.M.K.

Lakini tusidanganyane. Wengi wetu hatuna kontra ya maandishi. Tunafua kwenye nyumba za watu, tunachimba, tunabeba mizigo. Hapo sheria iko mbali, na neno likishatoka halirudi. Kwa hiyo, kabla ya kusema, jiulize mambo manne.

La kwanza: ugonjwa huu unaweza kuwapata wenzangu kazini? Kifua kikuu kinapita kwenye hewa, kwa hiyo wanaokaa nawe lazima wapimwe. Munganga anaweza kukusaidia kuwaita. Ukimeza dawa vizuri, mara nyingi baada ya wiki mbili hivi huambukizi tena. Virusi vya SIDA havipiti kwa kikombe, sahani wala kushikana mikono. Havimhusu mtu wa kazini.

La pili: kazi yenyewe ni ya hatari kwangu ao kwa wengine? Mwenye kifafa asiendeshe pikipiki ya abiria. Hapo ni lazima useme ao ubadilishe kazi.

La tatu: ninahitaji nini ili nipone? Omba kile tu.

La nne: nimwambie nani? Chagua mtu mmoja, mkiwa wawili, kabla hujaanza kuchelewa. Sema hivi: "Patron, niko natunzwa na munganga. Niko naomba saa moja kila asubuhi, nitairudisha mangaribi. Karatasi ni hii." Akikuuliza ni ugonjwa gani, jibu kwa heshima: "Munganga anaujua, na unatibika."

Ukiogopa kwenda peke yako, kamati itakupa wazee wawili wa kukusindikiza. Hatutawaambia ugonjwa wako, na wao hawatauliza.

Neno la mwisho linatuhusu sisi wenyewe, pamoja na ninyi wafadhili. Daftari letu la msaada lina safu ya "aina ya ugonjwa", na daftari hilo limepita mikono mingi. Tuliijaza tukifikiri mfadhili hataamini bila jina na picha. Tunaomba radhi kwa wote walioandikwa humo. Kuanzia leo safu hiyo inafutwa. Tutaandika siku za kazi zilizopotea na franga zilizotolewa, na munganga atatia sahihi. Wafadhili, hesabu mtaipata yote. Majina ya magonjwa msituombe tena.