Hotuba: Wimbo wa Kichwani Uje Vidoleni



Wazazi wetu kutoka Kongo walipofika Nyarugusu mwaka 1996, wengi walikuja mikono mitupu, lakini nyimbo walikuja nazo kichwani. Wazee wanaozijua wanapungua, na nyingi hazikuandikwa popote. Ndiyo maana tunawafundisha watoto kupiga likembe hivi:

Kwanza, imba wimbo mpaka usikosee. Pili, tafuta chuma kinacholia sawa na sauti yako ya kwanza. Tatu, jiulize: sasa wimbo unapanda au unashuka? Chuma kikifupishwa sauti hupanda, kikirefushwa hushuka. Ukikosea, rudia polepole.

Mzazi, jioni mwimbie mwanao wimbo mmoja wa kwenu. Asichokisikia hataweza kukipiga.