Kabla Ng'ombe Hajaanguka

Leo tuko Garsen, kaunti ya Tana River.

Aliyelelewa hapa anamjua ng'ombe wa kiangazi. Anateremka malka, ile njia ya mifugo ya kushukia mtoni, miguu ikimtetemeka. Anakunywa, kisha analala kwenye tope, kuinuka hawezi. Vijana wanamzunguka: mmoja anashika mkia, wengine wanapitisha mikono chini ya tumbo, wanamsimamisha. Kesho yake anaanguka tena.

Tujiulize: msaada wa serikali humfikia ng'ombe huyu siku gani?

Kwa miaka mingi ulimkuta ameshaanguka. Ukame ulipotangazwa kuwa janga la taifa, kama mwezi Septemba 2021, KMC, tume ya nyama ya serikali, ilitumwa kununua mifugo iliyodhoofika. Mfugaji alipata chochote badala ya kukosa vyote, lakini mbegu ya zizi ilikwenda na lori. Na mbegu ya ng'ombe wa Waorma, wafugaji wa hapa, si ya kuchezea: inasifika kwa kustahimili ugonjwa wa mbung'o.

Hata hivyo njia nyingine ilikuwa imeshaanza kujaribiwa. Mwaka 2010, huko Marsabit, taasisi ya utafiti wa mifugo ILRI na washirika wake walianzisha bima ya aina mpya. Hakuna afisa anayekuja kuhesabu mizoga. Satelaiti hupima ukijani wa malisho, na ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, fidia hulipwa. Mwaka 2015 serikali iliichukua njia hiyo ikaanza mpango wake, KLIP, Turkana na Wajir, kisha ukaenea kaunti nyingine, Tana River ikiwemo. Serikali ililipia kaya iliyoteuliwa bima ya ng'ombe 5, au mbuzi na kondoo 50.

Jambo kubwa humo ni wakati. Bima ya kwanza ilikadiria vifo, ikamfidia mtu kwa mnyama aliyekwisha kufa. Baadaye utaratibu ulibadilishwa, fidia itoke mapema, mnyama angali hai, ili mwenyewe anunue nyasi, maji na dawa. Mwezi Februari 2017 ilitangazwa kwamba kaya zaidi ya 12,000 zingelipwa, jumla ya shilingi milioni 214. Gawanya uone: kama shilingi 17,000 na ushei kwa kaya. Haijazi zizi, lakini humvusha ng'ombe hadi mvua.

Ila satelaiti huona ukijani, haionji nyasi. Miaka ya 1980, miradi ya kupanda miti huko Bura, kaunti hii hii, ilileta mti wa mathenge, uzuie jangwa na utupe kuni. Leo mathenge umefunga malisho na njia za mifugo, nao, machoni pa satelaiti, hubaki kijani hata nyasi zikikauka. Mnyama akila maganda yake kwa wingi, meno huharibika.

Ardhi iliyoharibika hivi nani huitengeneza? Nchini Marekani, chini ya sheria ya mwaka 1978, serikali humsaidia mkulima kutengeneza shamba lenyewe baada ya janga: kuondoa vifusi vya mafuriko, kurudisha uzio, kutafuta maji ya dharura wakati wa ukame. Kwa kawaida hulipa hadi asilimia 75 ya gharama. Kwetu fidia imemfuata mnyama, ardhi ikasahaulika. Mpokomo, mkulima wa hapa, ambaye migomba yake imesombwa na mto Tana, shamba likafunikwa mchanga, huanza upya kwa jembe lake. Malka iliyozibwa na mathenge hubaki imezibwa, mifugo hupitia shambani mwa mtu, na ugomvi huanzia hapo. Mwaka 2012 watu zaidi ya 100 waliuawa katika delta ya mto huu, wafugaji na wakulima. Hatutaki kuwazika wengine.

Basi rai yangu kwa wenye kupanga bajeti, Nairobi na Hola, makao makuu ya kaunti: fidia itoke mapema, na fungu lingine liende kwenye ardhi, kung'oa mathenge, kufungua malka na kufufua mashamba ya kando ya mto. Mfugaji na mkulima wanakunywa mto mmoja.