Kidonda Hupona Nyumbani

Uchambuzi wa leo unaangalia elimu anayopewa mgonjwa, pamoja na ndugu anayemuuguza, baada ya upasuaji mkubwa, ukiwemo wa kujifungua. Kwanza, ieleweke kwamba maambukizi ya kidonda, yaani kuingiwa na vijidudu, yanaweza kujitokeza hadi siku 30 baada ya upasuaji, wakati ambapo wagonjwa wengi wamekwisha kuruhusiwa kurudi nyumbani. Ndiyo maana ndugu huyo anapaswa kujua kunawa mikono kabla ya kugusa kidonda, kumhimiza mgonjwa atembee mapema, kwa ushauri wa daktari, ili damu isigande miguuni, na kumrudisha hospitali haraka aonapo usaha, homa au damu nyingi.

Kwa upande mmoja, wapo wanaohofia, na hofu yao ina msingi, kwamba wauguzi ni wachache na kwamba familia zitatwishwa kazi ya hospitali. Kwa upande mwingine, familia hizo tayari zinaogesha, zinalisha na kubadilisha bandeji, mara nyingi bila maelekezo ya kutosha. Swali linalobaki ni hili: je, inatosha kumkabidhi mgonjwa dawa na cheti cha kuruhusiwa, bila kumkabidhi maarifa?